Shamba la Nabothi na Dhahabu ya Nyamongo

Mwaka 2008 Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) na BAKWATA walitoa ripoti juu ya dhahabu, A Golden Opportunity?, iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu. Kwa kuwa KKKT ni mwanachama wa CCT, sauti hiyo ni yetu pia, na yatupasa kuipima.

Ubora wake haupingiki. Viongozi wa dini waliacha kuuombolezea umaskini kwa ujumla, wakazifunua sheria na mikataba. Walionyesha kwamba mrabaha wa asilimia 3 na misamaha ya kodi ni matokeo ya maamuzi ya watu. Hilo lilihitaji ujasiri. Mwaka uliotangulia, mbunge Zitto Kabwe alisimamishwa Bungeni baada ya kuhoji mkataba wa Buzwagi, uliotiwa sahihi London.

Hata hivyo, uzito wa ripoti umewekwa juu ya swali moja: Taifa linafaidika kiasi gani? Swali hilo limepata majibu. Mrabaha ulipanda hadi asilimia 4 mwaka 2010, kisha 6 mwaka 2017. Januari 2020 serikali na Barrick walitia sahihi makubaliano yaliyohusu kampuni ya Twiga, na serikali ikapata asilimia 16 ya hisa katika migodi, ukiwamo wa North Mara huko Nyamongo, wilayani Tarime.

Je, haki imetimia? Tusome tena 1 Wafalme 21. Ahabu hakutaka kumpunja Nabothi. Aliahidi shamba bora zaidi, au fedha kwa thamani yake. Uovu haukuanzia kwenye bei. Ulianzia pale mwenye kutamani shamba alipokuwa ndiye mwenye mhuri, wazee na mashahidi.

Nyamongo watu walichimba kwa mikono kabla ya mgodi mkubwa kuanza uzalishaji mwaka 2002. Leo aingiaye kuokota mabaki ya mawe huitwa mvamizi. Tarehe 16 Mei 2011 polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu wasiopungua watano mgodini hapo. Mwaka 2013 wanavijiji walipeleka madai yao mahakamani Uingereza, yakamalizwa nje ya mahakama mwaka 2015. Tunauliza: kwa nini mtu wa Tarime aitafute haki yake London?

Luther, katika andiko lake la mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, alifundisha kwamba upanga umetolewa ili kumlinda jirani. Mwaka 1524, akiandika juu ya biashara na riba, aliyakemea makampuni makubwa ya siku zake, akawakemea na wakuu waliopaswa kuyazuia, kwa kuwa nao walikuwa na fungu lao humo. Hapa ndipo ripoti yetu inapopungukiwa. Ilidai fungu kubwa zaidi kwa serikali, bila kupima vya kutosha kwamba mwenye fungu huona vigumu kuwa mwamuzi.

Hatusemi hisa zirudishwe. Twasema ripoti itakayofuata ianzie kwa mkulima wa Tarime au Serengeti, iulize: akidhulumiwa, ni nani atakayemsikiliza asiye na hisa katika jambo hilo? Na kama hayupo, Kanisa lisijifariji kwamba asilimia zimepanda. Eliya hakutumwa kujadili bei ya shamba.