Nani Alilifuta Boila Kwenye Ramani?

Nyumba moja ya Njiro, Arusha, nimeifuata tangu jamvi la zege. Mabomba ya PPR yamelazwa vizuri, mnara wa simtank una kimo cha kutosha, na paa halina la kusemwa. Sifa zimeishia hapo.

Ramani ya kwanza ilikuwa na boila moja la lita 80 darini. Ilipofika finishingi likafutwa kwa kalamu, pembeni zikaandikwa shawa hita nne, moja kila bafu, kilowati 5.5 kila moja. Sababu ni ile ya kila kijiwe cha mafundi: boila linakula umeme. Nasema mapema, uamuzi huu ni mbovu, tena ubovu wake hauko kwenye mita ya LUKU, uko kwenye waya.

Tuimalize LUKU kwanza. Lita moja ya maji haijali imepashwa darini au juu ya kichwa chako. Kila nyuzijoto inayoongezeka inadai nishati ile ile. Boila linapoteza joto likiwa limekaa, kweli, na la lita 80 lenye kava zuri likiachwa limewashwa siku nzima hupoteza kama uniti moja. Ndiyo kazi ya taima. Liwake saa tisa usiku, na kwa elementi ya kilowati 1.5 maji yamefika nyuzi 60 kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Hapo linavuta ampea 6.5 tu, kidogo kuliko birika la umeme.

Sasa tuje kwenye waya, tutazame polepole kilichotokea. Kilowati 5.5 kwa volti 230 ni ampea 24. Fundi akaichomeka shawa hita ya bafu la master kwenye waya wa milimita 2.5, uliokwisha kupita ndani ya plasta kwa ajili ya soketi za chumba. Siku ya kujaribu, breka ya ampea 20 ikaruka. Akaipandisha, ikaruka tena. Mtu anayejua kazi angesimama hapo ajiulize breka inamwambia nini. Yeye akaenda dukani, akarudi na breka ya 32.

Ikaacha kuruka. Watu wakafurahi, maji ya moto yakatoka.

Lakini breka haikuwekwa pale kuilinda shawa. Ipo kuulinda waya, na waya wa 2.5 uliozikwa kwenye ukuta haubebi ampea 32. Kuanzia siku ile kila anayeoga anaupasha moto ukuta pia, na pa kwanza kuungua ni kwenye maungio, pale skrubu ya tominali isipokazwa sawasawa. Shawa hita inataka waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, milimita 6, breka yake, swichi yake nje ya bafu, na ethi.

Ethi! Nimeliandika hili hadi wahariri wamenichoka. Nyingi ya shawa hizi zina elementi iliyo uchi ndani ya maji yale yale yanayokumwagikia. Kisima kikiwa cha chumvi, umeme unavuja zaidi kupitia maji. Bado nakuta waya wa kijani na njano umekatwa, umekunjwa na kufichwa ndani ya boksi, eti shawa inafanya kazi bila huo. Inafanya kazi, ndiyo. Pale Njiro hata ELCB, kifaa kinachokata umeme unaovuja, haikuwekwa.

Halafu zidisha kwa nne. Shawa zote zikifunguliwa kwa pamoja ni kilowati 22, ampea zaidi ya 95, na meni swichi ni ya 60. Asubuhi ya shule wawili wataoga, wa tatu ataizima nyumba.

Na joto? Maji ya Arusha mwezi wa saba tuyaweke nyuzi 17. Kwa lita tatu kwa dakika, kilowati 5.5 zinayafikisha 43, safi kabisa. Ila mwenye nyumba kanunua vichwa vya mvua, vile vipana kama sinia. Vikipitisha lita nane kwa dakika, maji yanatoka nyuzi 27. Hayo si maji ya moto. Boila la lita 80 likichanganywa na ya baridi lingetoa karibu lita 150 za nyuzi 40, watu watatu kwa vichwa hivyo hivyo.

Mafundi wa zamani, wale wa Ifunda na Moshi Tech, walikuuliza ampea kabla hawajafungua boksi la vifaa. Historia nayo iko upande wa boila. Maughan wa London alitengeneza hita yake ya papo hapo mwaka 1868, ya gesi, bila bomba la kutolea moshi, ikawa hatari bafuni. Ruud, Mnorwei aliyehamia Pittsburgh, alikuja mwaka 1889 na tanki linalojiwasha na kujizima lenyewe. Mimi ni wa Ruud.

Boila nalo lina mabwege wake: wanaoziba valvu ya usalama kwa sababu inadondosha maji. Lita 80 zikipanda hadi nyuzi 60 zinatanuka kwa zaidi ya lita moja, na lita hiyo lazima itoke mahali.

Shawa hita moja ibaki bafu la wageni, kwa waya wa 6. Tatu zirudishwe dukani, na boila lirudi darini, ambako mabomba yake bado yanalisubiri. Breka ya 32 ing'olewe leo, kabla ya mtu kuoga.