Kila Rekodi Imeishia Wapi? Mwongozo wa Kupima Ubora wa Upakiaji wa Data

Ukitaka kujua kama mfumo wa kupakia data kwenye hifadhidata umejengwa na fundi au na mtu aliyekuwa na haraka, usianze kwa kuuliza unachukua dakika ngapi. Usiulize pia kama jana usiku ulimaliza kazi, kwa kuwa kumaliza si kazi kubwa. Uliza hivi: rekodi zilizotoka kwenye chanzo zilikuwa ngapi, na kila moja imeishia wapi? Mfumo bora hujibu papo hapo: hizi zimeingia, hizi zimesasisha zilizokuwepo, hizi zimekataliwa na zimewekwa mahali fulani pamoja na sababu, na zote zikijumlishwa zinatimia. Mfumo dhaifu utakuonyesha alama ya kijani tu. Mengine yote yanayosifiwa katika kazi hii, kasi, zana za kisasa, michoro ya kupendeza, nayaweka chini ya swali hilo.

Ushahidi wenye uzito mkubwa unatoka Uingereza. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, watu 15,841 waliopimwa na kukutwa na virusi vya korona hawakuingia katika takwimu za kila siku. Matokeo ya maabara yalikuja katika faili za CSV, ambazo ni maandishi matupu yasiyo na kikomo cha mistari. Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya wakati huo, iliyaingiza katika faili za Excel za muundo wa zamani wa XLS, ambao karatasi yake haibebi zaidi ya mistari 65,536. Kwa kuwa mgonjwa mmoja alichukua mistari kadhaa, faili lilijaa likiwa na wagonjwa wapatao 1,400 tu, na waliozidi wakaachwa nje. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini watu waliokutana nao hawakutafutwa kwa wakati, na virusi havikuwasubiri. Lawama nyingi ziliangukia Excel. Naona ziliangukia pasipostahili, kwa sababu kikomo hicho kilijulikana kwa miaka mingi, na kila zana ina kikomo chake. Namba mbili tu, ya mistari iliyoingia na ya mistari iliyotoka, zikilinganishwa siku ileile, zingefichua pengo kabla halijafikisha wiki. Karani wa tali bandarini haulizwi kama meli imetia nanga. Anaulizwa kama makasha yaliyoshuka yanalingana na hati ya shehena.

Zana zenyewe zina tabia tofauti, na mpimaji makini huanza kwa kujua zana iliyo mbele yake hufanya nini inapokutana na mstari mbovu. Amri ya COPY ya PostgreSQL, kwa kawaida yake, husimama kwenye kosa la kwanza, hutaja namba ya mstari, kisha hubatilisha kila kilichokwisha kuingizwa na amri hiyo. Wako wanaouona huo kuwa ukorofi; mimi nauona ni uaminifu. LOAD DATA ya MySQL, ikitumiwa pamoja na neno LOCAL, hufuata njia nyingine: makosa ya data hugeuzwa kuwa maonyo, rekodi yenye ufunguo uliokwisha kuwepo hurukwa, na kazi huendelea hadi mwisho. Baadaye hutolewa mstari mmoja wa taarifa wenye idadi ya rekodi zilizosomwa, zilizofutwa, zilizorukwa, na maonyo. Skripti isiyousoma mstari huo itatangaza mafanikio hata kama nusu ya faili imerukwa. SQL*Loader ya Oracle ni zana ya zamani, lakini katika jambo hili iliwatangulia wengi: rekodi zilizokataliwa huandikwa kwenye faili lake, zile ambazo hazikutimiza masharti ya kuchaguliwa huandikwa kwenye faili jingine, na hesabu zote huwekwa kwenye kumbukumbu ya kazi. PostgreSQL, kuanzia toleo la 17 la mwaka 2024, inaweza kuambiwa iruke mistari ambayo thamani zake hazigeuziki kuwa aina inayotakiwa, na hutaja imeruka mingapi. Ni msaada wa kweli, ila mistari yenyewe haiwekwi popote. Anayeutumia uwezo huo bila kuhifadhi faili la asili amejinyima jibu la swali letu.

Hapa msomaji makini atapinga, na ana haki: idadi inaweza kutimia huku yaliyomo yakiwa yameoza. Ni kweli, na mfano uko mikononi mwa kila mwenye kushughulikia orodha za watu Tanzania. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Faili la CSV lenye namba hizo bila vistari likibofywa tu na kufunguliwa, kisanduku kitaonyesha kitu kama 1.99001E+19. Ukikigeuza kuwa muundo wa namba, tarakimu tano za mwisho tayari ni sifuri. Ukihifadhi CSV kama inavyoonekana, hata hizo kumi na tano hazibaki. Watu waliozaliwa siku moja, ambao namba zao zilitofautiana mwishoni tu, sasa wana namba moja. Idadi ya mistari imetimia kabisa, lakini watu ndio waliopotea. Sifuri ya mwanzo ya namba ya simu nayo hupotea kwa njia hiyohiyo, ingawa hiyo angalau inarudishika.

Jingine ni majina. Kaunti ya Murang'a huandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, kwa ritifaa iliyopinda inayowekwa na Word, na mara nyingine bila ritifaa kabisa. Jicho linaona kaunti moja, hifadhidata inaona tatu, na muunganisho wa majedwali unaotegemea jina huacha vituo vya kaunti hiyo nje pasipo kosa lolote kuonekana. Ritifaa hiyohiyo, ikipenya katika amri ya SQL iliyoundwa kwa kuunga vipande vya maandishi, huivunja amri katikati. Kaunti za Kenya zina namba rasmi, 1 hadi 47, na Murang'a ni 21. Mfumo unaounganisha kwa jina wakati namba ipo umejengwa bila kufikiri. Kwa hiyo pingamizi hilo halibomoi hoja, linaipanua. Kuhesabu hakuishii kwenye idadi ya mistari. Mfumo mzuri hupokea kila kitu kama maandishi katika jedwali la mapokezi, hukagua hapo kwamba namba ya NIDA ina tarakimu 20 na kwamba kaunti imo katika orodha, kisha hulinganisha pia jumla ya fedha kwa siku na idadi ya vitambulisho visivyojirudia. Upatanisho wa siku, kwa njia, unahitaji tahadhari ya saa: mauzo ya saa saba usiku Nairobi, Machi 1, yameandikwa saa nne usiku ya siku ya mwisho ya Februari kwenye seva inayofuata UTC.

Swali letu lina tawi lake, nalo ndilo hutenganisha kazi nzuri na kazi bora. Umeme ukikatika katikati, nikiendesha upya, rekodi zitaishia wapi? Jibu linalotakiwa ni kwamba zitaishia palepale ambapo zingeishia kama umeme usingekatika. Mfano unaostahili kuchunguzwa ni DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, na ambao Tanzania, Uganda na Rwanda pia zinautumia. Humo kila thamani hutambulishwa kwa kipengele cha data, kipindi, kituo, na mgawanyo kama umri au jinsia. Ripoti ya Machi ya zahanati fulani ikitumwa mara tatu, hazizaliwi ripoti tatu. Thamani ileile husasishwa. Uingizaji ukimalizika, mfumo hutoa idadi ya zilizoingizwa, zilizosasishwa, zilizopuuzwa na zilizofutwa, na unaweza kufanyiwa jaribio kamili bila kuandika chochote. Katika PostgreSQL tabia hiyo hupatikana kwa ON CONFLICT, iliyokuja na toleo la 9.5 mwaka 2016, mradi jedwali liwe na ufunguo wa pekee. Lakini angalia mtego: faili la juzi likiendeshwa upya leo litafuta marekebisho ya jana. Fundi huongeza sharti kwamba thamani mpya ikubaliwe tu ikiwa tarehe yake ya kubadilishwa si ya nyuma kuliko iliyopo.

Uwezo huo wa kurudia bila madhara huokoa hata pale ambapo hakuna kilichokatika. Tuseme mfumo huchukua kila usiku rekodi zilizobadilishwa tangu safari iliyopita, ukitegemea muhuri wa wakati. Katika PostgreSQL, now() hutoa wakati muamala ulipoanza, si ulipothibitishwa. Muamala ulioanza saa 5:59:50 usiku na kuthibitishwa saa 6:00:20 huacha rekodi zenye muhuri wa 5:59:50. Msomaji aliyepita saa 6:00:00 kamili hakuziona, kwa kuwa zilikuwa hazijathibitishwa. Akaandika kwamba amefika saa 6:00:00, na kesho yake akaanzia hapo. Rekodi hizo hazitachukuliwa kamwe. Hakuna kosa lililotokea popote, kila kipande kimefanya kazi yake, na upungufu utagunduliwa na mhasibu mwishoni mwa mwezi. Dawa yake ni kila safari irudi nyuma kwa muda mrefu kuliko muamala mrefu zaidi unaoweza kutokea, nusu saa kwa mfano, na kuchukua tena rekodi ambazo tayari zilichukuliwa. Anayeogopa kurudia hawezi kuitumia dawa hii.

Wasimamizi watasema ukali wa namna hii utakwamisha kazi: je, mstari mmoja mbovu uzuie laki mbili zilizo safi? La, kwa sababu kati ya kusimama na kunyamaza iko njia ya tatu, ambayo ni jedwali la zilizokataliwa pamoja na kikomo. SQL*Loader huvumilia makosa 50 usipoiagiza vingine, kisha husimama. Namba yenyewe ijadiliwe, lakini kuwa na namba ni lazima. Leja za fedha ni jambo jingine. Humo nusu ya kundi la miamala ni uongo kamili, na kundi liingie lote au lisiingie kabisa. Wengine watasema ukaguzi unakula muda. Muda mwingi huliwa na kuingiza mstari mmoja mmoja. Upakiaji wa jumla kwenye jedwali la mapokezi, ukifuatwa na ukaguzi ndani ya hifadhidata yenyewe, mara nyingi huwa wa kasi zaidi. Kasi inayonitia shaka ni ile ya njia ya moja kwa moja ya Oracle, ambayo huzima masharti ya ukaguzi na ya uhusiano wa majedwali wakati wa kupakia. Inafaa, ila muulize aliyeiwasha ni hatua gani inayoyarudisha na kuyathibitisha. Kuhusu wanaosema zana za kisasa zimeyamaliza haya yote, Airflow, zana ya kuratibu kazi za data, hupaka kijani kazi iliyokwisha bila kosa, na faili tupu huisha bila kosa.

Mfumo ukiugua, hesabu hizohizo ndizo ramani. Tafuta mpaka wa mwisho ambapo namba zinalingana. Ugonjwa uko kati ya hapo na mpaka unaofuata, na hakuna haja ya kugusa kwingine. Faili la asili lisifunguliwe kwa programu inayoweza kulibadilisha. Lisomwe kama lilivyo, likiwa limehifadhiwa pamoja na ukubwa wake na tarehe ya kupokelewa. Mstari mbovu usipojulikana, ligawe faili nusu kwa nusu mpaka ubaki nao peke yake. Na kama bado hujanunua wala hujaukubali mfumo huo, mwombe aliyeujenga auzime ghafla katikati ya upakiaji mbele yako, auwashe tena bila kusafisha chochote kwa mkono, kisha aweke jumla za fedha na idadi ya funguo kando ya zile za upakiaji ambao haukukatizwa.