Sekunde tano bila oksijeni: zile video zinatudanganya fasi gani?

Kuna aina moja ya video inapitaka sana ku telefone zetu: « Ingekuwaje kama dunia ingepoteza oksijeni kwa sekunde tano tu? » Muziki wa kutisha, mbingu inakuwa nyeusi, nyumba zinabomoka, bahari inapotea, udongo unapasuka chini ya miguu. Dakika tatu, na imekwisha. Wengi wetu, hata wenye licence mfukoni, tunaigawa bila kuuliza hata swali moja. Leo nataka tuiangalie kama vile tunavyosahihisha TP ya mwanafunzi: tuipe alama fasi inastahili, na tukate fasi inadanganya.

Nianze na sifa. Swali lenyewe ni zuri. Linamlazimisha mtu afikiri juu ya kitu anachokitumia kila dakika bila kukiona. Na video iko sawa juu ya ozoni: ile tabaka inayotukinga na miale mikali ya jua imetengenezwa na oksijeni, basi oksijeni ikitoka, ngao nayo inatoka. Ni kweli pia kwamba motere za magari na ndege zingekosa pumzi, na moto wa mshumaa ungezimika. Hapo natoa alama zote.

Kosa kubwa ni hili: video inatumia neno moja kwa vitu viwili. Inaanza na oksijeni ya hewa, ile tunayopumua, ambayo ni 21% ya hewa. Halafu, bila kutuambia, inaruka kwenye oksijeni iliyofungwa ndani ya vitu vingine. Maji, kwa uzito wake, ni karibu 89% oksijeni. Mawe na udongo wa juu wa dunia, karibu 46%. Saruji nayo imejaa oksijeni. Lakini ile haielei hewani. Imeshikana na hidrojeni, silisyumu na kalsyumu. Ukiondoa oksijeni ya hewa, ziwa linabaki ziwa na nyumba inabaki nyumba. Ukitaka kuvunja na maji pia, sema wazi tangu mwanzo, maana hilo ni swali lingine, na hapo hata mwili wetu, ambao sehemu kubwa ni maji, hauna cha kusubiri sekunde tano.

Mbingu kuwa nyeusi? Hapana. Buluu ya mbingu inatokana na hewa inayotawanya mwanga wa jua, na 78% ya hewa ni nitrojeni. Hiyo inabaki, basi buluu ingepungua kidogo tu. Masikio je? Tufanye hesabu. Kando ya bahari, kule Moanda, shinikizo la hewa ni karibu hektopaskali 1,013. Toa 21%, unabaki na 800 hivi. Ni kama kuchukuliwa ghafula kutoka Moanda na kuwekwa mlimani, mita 2,000 hivi, kama milima ya Lubero. Masikio yangeziba na kuuma sana. Lakini watu wanaishi Lubero kila siku, na ngoma za masikio ziko salama.

Na mimea? Hapa niko nyumbani. Wengi wanadhani mmea unatoa oksijeni tu. Mizizi inapumua kama sisi, usiku na mchana, ikitumia hewa iliyo kati ya chembe za udongo. Sekunde tano mahindi hayangejua kama kitu kimepita. Lakini shamba la maharagwe likijaa maji kwa siku kadhaa, mizizi inakosa hewa, majani yanageuka manjano, na mavuno yanakwenda. Mpunga unavumilia kwa sababu una vijia vya hewa vinavyoshuka toka kwenye majani mpaka mizizi. Hiyo njo « dunia bila oksijeni » ambayo mkulima wetu anaijua, na haina muziki wa kutisha.

Kwangu, hapa ndipo udhaifu mkubwa wa hizi video unaonekana. Zinatupeleka mbali kwenye ndoto, na zinaacha fasi ambako oksijeni inakosekana kweli. Ziwa Kivu, ukipita mita 60 hivi kwenda chini, halina oksijeni. Sambaza wanaishi juu tu. Kule chini kumejaa gesi kaboniki na metani. Na ku pembeni ya Goma, kwenye mawe ya volkano, kuna mazuku. Gesi kaboniki inatoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, basi inajikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Haionekani. Inasukuma oksijeni, na ikiwa nyingi, yenyewe ni sumu. Mtu anapumua mara chache, anaanguka. Mbuzi, mbwa na watoto wadogo wako hatarini zaidi kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Na anayeshuka kumwokoa mwenzake anaanguka naye.

Hapo si sekunde tano za kufikirika. Familia zilizokimbia vita zimejenga vibanda juu ya mawe hayo hayo, na nyingine zinatoka mbali, hazijui fasi gani pana hatari. Mzee wa mtaa anayesema « usilale kwenye shimo lile, usiinamie mule kuokota kuni » anafundisha kemia yenye faida kuliko video yenye watazamaji milioni.

Sisemi tuache kuzitazama. Ila kabla ya kugawa, tuulize maswali matatu: ni oksijeni gani, iliyo wapi, na kwa muda gani? Na wale wa jeolojia, wa afya na wa mawasiliano walio humu: telefone tunazo, lugha tunayo. Tutengeneze video ya dakika tatu juu ya mazuku, kwa Kiswahili cha kwetu, ile mama wa kambini ataelewa. Hiyo nitaigawa wa kwanza.