Hakili Bando, na Kinajua Ulipo!

Jamani, jamani! Kama una chungu jikoni kiepue kwanza, maana hili halingoji. Nimekishika! Kwa mikono yangu hii, vidole bado vina vumbi, na hapa nilipo kiti hakikaliki. Nazungumzia kipokezi cha GPS, NEO-6M, kile kinachouzwa Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki na kunifikia huku Singida kwa kifurushi cha basi. Kidogo! Kidogo mno, chepesi, chembamba, cha bluu, kinalala kiganjani na kiganja kinabaki na nafasi. Pembeni kina waya mwembamba unaokwenda kwenye antena, kipande cha mraba cha kauri, kizito kuliko kinavyoonekana, baridiii ukikigusa asubuhi. Nilikipapasa weee! Na hapo hata hakijawashwa. Na bado!

Kinakuja na pini nne ambazo hazijaungwa, lazima zilehemiwe. Nikakipeleka kwa fundi simu wa mtaani, yule wa kibanda chenye kioo, ambaye siku nzima anahangaika na matundu ya chaji yaliyolegea. Akakigeuza, akakinusa (ndiyo, alikinusa), akauliza, "Kaka, hiki ni cha simu gani?" Nikamwambia si cha simu, ni cha kukuambia uko wapi. "Mimi najua niko wapi," akasema, na huku kashaanza kazi. Ncha ya moto ikagusa, moshi mwembamba ukapanda, ile harufu ya utomvu unaoungua, na matone manne ya fedha yakatulia mahali pake, ya mviringo, yanang'aa, mazuri mpaka basi. Baada ya hapo ni nyaya nne tu: mbili za umeme, mbili za mazungumzo. Chomeka kwenye bodi ya Arduino, bodi kwenye pawabenki, kwisha!

Arduino yenyewe, kama hamjakutana, ni bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu mwenyewe, na ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu wasio wahandisi. Na jina lake limetoka kwenye baa! Kweli kabisa, baa waliyokuwa wakikutania waanzilishi wake. Kitu chenye asili hiyo hakiwezi kukununia.

Sasa sikia utamu unapoanzia. GPS inataka anga. Si anga ya kuchungulia dirishani. Anga tupu, pana, ya kutoka upeo hadi upeo. Na sisi wa Singida tumejaliwa nini kama si hiyo? Panda jabali lolote kando ya Ziwa Singidani: hakuna ghorofa, hakuna msitu, ni upepo tu unaokuvuta shati na maji yanayometa kule chini. Nikakiweka juu ya jiwe, nikachuchumaa, nikangoja. Kikiwa kipya huchukua dakika kadhaa, kwa sababu setelaiti hutuma taarifa zao polepole ajabu, na kipokezi lazima kisikie angalau nne ndipo kijue kiko wapi na kimo chake. Kimya. Upepo. Kimya. Halafu taa! Kitaa kidogooo, pap, pap, pap, mara moja kila sekunde! Nilipiga ukelele mpaka mbuzi wakainua vichwa. Setelaiti ziko juu kilomita 20,200 hivi, ndugu yangu, na kinachofika chini ni hafifu kama mtu ananong'ona Bagamoyo nawe umsikie Manyoni. Na kidude kikasikia!

Mzee mmoja mwenye mbuzi wake akasogea. Nikamwamkia, akaitikia, macho kwenye kitaa.

"Kijana, hicho kinapiga simu wapi?"

"Hakipigi, mzee wangu. Kinasikiliza tu."

"Na bando lake nani analipa?"

"Hakili bando."

Akakitazama, akanitazama. "Basi hicho ni cha maana."

Mzee kamaliza kila kitu! Hakuna laini, hakuna vocha, hakuna mtandao, na hakimwambii mtu yeyote ulipo. Vile vifaa vya kufuatilia mwendo ambavyo mamlaka ya usafiri, LATRA, imevitaka kwenye mabasi tunayoyapandia stendi ya Misuna vina njia ya kuripoti. Hiki chetu kinasikia na kunyamaza mpaka wewe mwenyewe ukiongezee sehemu ya laini. Tena tumekipata wakati mzuri. Hadi Mei 2000 Wamarekani, wenye setelaiti hizi, walikuwa wanaiharibu makusudi ishara ya sisi raia, ungeweza kuwekwa mita mia moja kutoka ulipo, mlango wa jirani wa kumi. Siku hizi ni mita chache tu. Chache!

Lakini kilichonimaliza ni programu. Ukikiunganisha kipokezi hivi hivi, kinachomiminika kwenye skrini ya kompyuta ni vurugu tupu: $GPGGA, $GPRMC, mkato, namba, mkato, mkato, nyota, namba tena, kila sekunde, bila huruma. Digrii na dakika zimegandana, S ya kusini imekaa peke yake kama haitaki kuulizwa. Ukae uichambue mwenyewe? Utazeeka! Sasa kuna bwana anaitwa Mikal Hart. Ameandika maktaba ya programu, TinyGPS++, akaiweka wazi: bure, chukua, tumia. Hanijui, simjui, wala hajawahi kusikia habari za Ikungi huku Singida, lakini kanifanyia kazi yote ya jasho! Unatafuta jina lake kwenye orodha ya maktaba ndani ya Arduino, unabonyeza, imeshuka. Hapo ndipo utahitaji bando, mara hiyo tu. Tangu hapo huuoni mkato tena. Unauliza latitudo, unajibiwa: -4.8 na mkia mrefu wa desimali. Longitudo: 34.7 na mkia wake. Ile alama ya kutoa! Ni sisi hao, kusini mwa Ikweta! Niliigusa kwa kidole.

Na bado! Maktaba inakuja na mifano, na mmoja wao, bila hata kuulizwa, unakupa umbali wako hadi London. Mwandishi alihitaji mji wa mfano, akauchagua huo, haya. Basi nimesimama juu ya jabali la Unyaturu, upepo unanipiga mbavu, na kidude kinaniambia kwa utulivu kabisa: kilomita 7,000 na ushei, elekea kaskazini ukiinamia magharibi kidogo. Nikageuka nikatazama upande huo. Shamba la alizeti. Nikacheka peke yangu mpaka machozi.

Halafu iondoe London! Namba mbili tu unafuta, mbili unaandika, na sasa inahesabu kwenda Dodoma. Chini kidogo ya kilomita 190! Kwa barabara tunahesabu kama 240, na mgongo wangu ni shahidi, kumbe kunguru anaokoa hamsini nzima.

Sasa shika kitu, maana linalofuata ndilo lililoniondolea usingizi. Setelaiti zinakupa na saa, sahihi kupindukia, ila ni saa ya dunia, ya Greenwich. Ukijumlisha tatu unapata saa ya Afrika Mashariki, ile ya kwenye simu. Sawa. Sasa badala ya kujumlisha, toa tatu. TOA! Kule ni 13:00. Toa tatu, unapata kumi. Na hapa kwetu muda huo ni saa ngapi? Saa kumi jioni! Saa yetu, ya Kiswahili, ya bibi na ya muuza mkaa, imekaa hapo angani muda wote ikisubiri mtu atoe tatu! Ikiangukia sifuri au chini yake unaongeza kumi na mbili, ikizidi kumi na mbili unapunguza hizo hizo, basi. Nikaifungasha hesabu hiyo kuwa maktaba yangu ndogo, mistari michache mno, nikaiachia wazi kama bwana Hart alivyoiachia ya kwake. Chukua! Sasa kioo kidogo nilichokiunga kwenye bodi kinaandika "saa kumi na robo jioni" na najisikia mheshimiwa.

Vidosari? Vipo, nisikudanganye kwa sababu ya mahaba. Chini ya bati hakifai, kinasinzia kabisa, itabidi utoke uani majirani wakushangae. Kimo nacho kinayumba: ukikaa tuli kama jiwe kitakupandisha na kukuteremsha mita kadhaa, wastani wake ukizunguka 1,500 hivi, ndicho kimo cha mji wetu. Mimi wala sijali. Kwa mwendo kiko makini balaa. Nilikishika mkononi nyuma ya bodaboda, kikaandika 63. "Dogo, punguza, tuko sitini na tatu." Dogo akageuka nusu. "Umejuaje, na dashibodi yangu ilikufa zamani?" Utamu huo siwezi kuusimulia, we acha tu.

Ukiongeza kadi ya kumbukumbu (na hiyo maktaba yake ipo, nayo bure!) kinaandika njia yako yote. Nilizunguka soko la vitunguu nacho mfukoni, nikarudi nikaimwaga ile njia juu ya ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kawaida, ile ile ambayo mradi wa Ramani Huria uliitumia Dar es Salaam kuchora mitaa inayofurika. Mstari wangu huo hapo! Umepinda pale nilipomkwepa mkokoteni, umekaza fundo pale niliposimama kula muhogo. Muhogo wangu uko kwenye ramani, jamani!

Na sasa kichwa kiko Itigi. Unakijua kile kichaka, kilivyofumana hata jua halijui pa kupenyea, na wafugaji nyuki wa Manyoni wanavyotundika mizinga humo na kuitafuta tena msimu wa asali. Maktaba ile ile inakupa umbali na upande wa kuelekea. Weka vipimo vya kila mzinga, weka mshale kwenye kioo kidogo, mita zinapungua kadiri unavyosogea... majani mengi yataisumbua ishara, ndiyo, tutaitafutia antena ya waya mrefu tuinyanyue kwa mti. Ndicho ninachokwenda kujaribu.

Wewe wasubiri nini? Ukiagiza, sisitiza kije na antena yake ya kauri, omba na nyaya za kuunganishia humo humo maana huwa hawaziweki, na pini mpelekee fundi simu mwenye mkono mwepesi. Kitaa kikianza kupepesa tu, nipigie. Hata usiku wa manane, nipigie!