Mwiba wa Mlimao

Karibu kila ganda la vanila halisi linalouzwa duniani limeanza kwa mguso wa mkono wa mtu. Sisemi mkono wa kupanda wala wa kuvuna, maana huo kila zao linao. Nasema mkono ulioingia ndani ya ua likiwa wazi kwa asubuhi moja tu, ukakutanisha chavua na sehemu ya kike, kisha ukahamia ua la pili, na la tatu, hadi jua likawa kali. Mkono huo ukikosekana, mmea hustawi, hupanda mti wake, huchanua vizuri, na hauzai kitu.

Kazi hiyo niliisomea kaskazini-mashariki mwa Madagascar, upande wa Antalaha, nilikokwenda kuishi shambani kama mtu wa kujitolea. Ukanda huo wa Sambava, Antalaha, Vohémar na Andapa ndio moyo wa vanila ya dunia. Madagascar peke yake hutoa takriban asilimia 80 ya vanila yote. Makubaliano yalikuwa mepesi: nifanye kazi ya shamba kuanzia alfajiri hadi mchana, na familia inipe pa kulala na chakula. Pesa haikupita kati yetu. Mtindo huu wa kubadilishana kazi na makazi umeenea nchi nyingi, na sehemu kubwa ya sifa zake inamwendea Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyeanzisha mtandao wa WWOOF mwaka 1971 kwa sababu alitamani kutoka mjini mwishoni mwa wiki akashike jembe. Alianza na wikiendi moja kwenye shamba huko Sussex. Leo vijana huvuka bahari kwa wazo hilo hilo.

Wengi wa vijana hao hutoka Ulaya na Marekani. Kwa hiyo Mtanzania anapofika kijijini na begi lake mgongoni, swali la kwanza analoulizwa ni la haki kabisa: kwani kwenu hakuna mashamba? Yapo. Vanila nayo ipo, Kagera wanailima, na Waganda wanailima zaidi yetu. Lakini ukitaka kujua ufundi, unakwenda kwa watu walioulea vizazi kwa vizazi, unakaa nao, unakula nao, unaamka wanapoamka. Hilo halina aibu. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walijifunza hivyo hivyo, mwanafunzi akikaa kwa fundi kama mtoto wa nyumbani.

Ua la vanila lina rangi ya manjano hafifu iliyochanganyika na kijani, na halina mbwembwe. Hufunguka alfajiri, na ikifika alasiri limekwisha kusinyaa. Kishada kimoja kinaweza kubeba maua kumi na tano, ishirini au zaidi, ila hayafunguki pamoja. Leo moja, kesho moja au mawili. Ndiyo maana mchavushaji hana siku ya kupumzika katika msimu wa maua, ambao huko hushika kasi kuanzia Oktoba. Atapita kwenye mmea ule ule kila asubuhi, mvua inyeshe, na kwenye pwani ile ya mashariki mvua hunyesha kweli kweli. Siku moja ukilala, maua ya siku hiyo yamepotea, na maganda ambayo yangetokana nayo yamepotea pia.

Kifaa chenyewe ni mwiba wa mlimao au wa mchungwa, au kijiti cha mwanzi kilichochongwa. Mama mwenye shamba, ambaye nilimwita Neny kama walivyomwita watoto wake, aliuchomeka wake kwenye ukingo wa kofia ya ukili, na akiuvuta ulikuwa tayari kati ya vidole kabla sijaona umetoka wapi. Ua hulazwa kwenye vidole vya mkono wa kushoto, taratibu, bila kulivuta kutoka kwenye kishada. Mwiba hupasua ule mdomo wa ua uliojikunja kama faneli, na ndani inaonekana nguzo ndogo nyeupe. Juu kabisa ya nguzo hiyo imekaa chavua. Chini yake iko sehemu ya kike, yenye ute. Katikati pamewekwa kiwambo chembamba kinachozitenganisha, na kiwambo hicho ndicho kisa cha shughuli yote: chavua na mwenzake wamekaa karibu kuliko unene wa ukucha na hawawezi kukutana. Ncha ya mwiba inakiinua kiwambo na kukirudisha nyuma. Kidole gumba cha kushoto kinashuka na kuibana chavua ishikamane na ute. Mwiba unatoka. Kwisha.

Kusoma maelezo hayo kunachukua muda mrefu kuliko kitendo chenyewe. Mchavushaji hodari hupita kwenye maua zaidi ya elfu moja kwa siku, na bado hajaacha kufikiri. Kwa sababu kazi si kuchavusha kila ua linaloonekana. Mmea ukibebeshwa mno huchoka, maganda huwa mafupi, na mwaka unaofuata haukupi kitu. Kwa hiyo katika kishada huchaguliwa maua manane au kumi hivi, yale yaliyokaa upande wa chini ambayo ganda lake litaning'inia limenyooka, na yanayobaki huachwa yaanguke. Neny aliyaangalia maua kwa jicho lililokwisha kuona ganda la miezi tisa mbele: hili litapinda, hili litabanwa na mwenzake, hili sawa. Nadhani hapo ndipo ufundi unapoachana na ustadi wa vidole. Vidole hufundishika kwa haraka. Kujua ua lipi la kuacha ni elimu ya miaka.

Shamba linajibu upesi. Ua lililokubali hubaki kwenye kishada likinyauka polepole. Lililokataa huanguka siku inayofuata au ya pili yake. Basi kila asubuhi unaisoma kazi ya jana kabla ya kuanza ya leo, na hakuna bosi anayehitaji kukuambia lolote.

Ni lazima hapa nimtaje mtoto. Vanila asili yake ni Mexico na nchi za jirani, na Watotonaki wa upande wa Papantla waliijua zamani sana. Huko kuna nyuki wa kuichavusha. Wafaransa walipochukua pingili zake na kuzileta kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa ni Réunion, mwanzoni mwa karne ya 19, mimea ilikua na maua yakatoka, lakini nyuki wale hawakuwepo. Mwaka 1836 Charles Morren alifanikiwa kuchavusha vanila kwa mkono huko Liège, Ubelgiji, lakini njia yake haikuwa ya kumfaa mkulima. Miaka mitano baadaye, mwaka 1841, Edmond, mtumwa wa umri wa miaka 12 katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont huko Sainte-Suzanne, aligundua njia ya kijiti na kidole gumba. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba alipelekwa shamba hadi shamba akawafundishe wengine. Ndiyo njia inayotumika mpaka leo. Hakuna profesa aliyeiboresha kwa maana yoyote.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuwezi kumsoma Edmond kama habari ya mbali. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa elfu moja kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Watu wa bara letu waliishia kwenye mashamba ya Bourbon. Edmond aliachwa huru mwaka 1848 utumwa ulipofutwa, akapewa jina la Albius. Kisha wakajitokeza wa kudai kwamba ugunduzi haukuwa wake, eti yeye alifundishwa tu na mtaalamu wa mimea wa Kifaransa. Bellier-Beaumont aliandika kumtetea, na historia imekubali ushahidi wake. Hata hivyo mali haikumfikia. Kabla karne hiyo haijaisha Réunion ilikuwa imeipita Mexico kwa vanila, na Edmond alikuwa amekwisha kufa maskini, mwaka 1880, hospitalini Sainte-Suzanne. Wafaransa wa visiwa vile waliivusha njia yake pamoja na pingili hadi Komoro na Madagascar. Kila asubuhi nilipoinua kiwambo kile nilijua naifanya kazi ya nani.

Maisha ya shamba lenyewe hayahitaji sifa nyingi, ila yasiachwe bila kutajwa. Nyumba ni za mti wa ravinala, kuta za mbavu za majani yake na paa la majani yake, na mvua juu ya paa hilo haina kelele ya bati. Wali huliwa asubuhi, mchana na jioni. Mboga yao ya ravitoto ni kisamvu, na anayetoka Tanga au Mtwara atajihisi kwao. Baada ya kula, maji humiminwa kwenye sufuria yenye ukoko, yakachemshwa, yakanywewa ya moto. Wanayaita ranovola, na baada ya asubuhi nzima shambani sijui kinywaji kilicho bora zaidi. Mchana huwa wa kazi nyingine: kuzungusha mashina ya vanila yashuke chini badala ya kukimbilia kileleni mwa mti, ili maua ya mwakani yawe mahali mkono unapofika, kutandaza majani makavu juu ya mizizi, ambayo imekaa juujuu na haistahimili jembe, kupunguza matawi ya mti wa kivuli ili mwanga uingie kwa kiasi. Mgeni wa kujitolea anafaa sana hapo.

Usiku una habari nyingine. Ganda hukaa mtini miezi minane hadi tisa, na katika miezi hiyo mwizi naye hungoja. Bei ilipopanda mwaka 2018 hadi kama dola 600 kwa kilo, vanila ikawa ghali kuliko madini ya fedha, na wakulima wakawa wanalala shambani kulinda. Baadaye bei iliporomoka vibaya, lakini ulinzi haukuisha, kwa maana mwizi haangalii bei ya soko. Ndiyo maana wakulima hupiga chapa maganda mabichi, moja moja, kwa sindano zilizochomekwa kwenye kizibo: herufi au namba ya mwenye shamba, ikiandikwa kwa vitone. Ganda likikauka na kuwa jeusi, vitone vinabaki vinasomeka. Juu ya wizi kuna kimbunga. Enawo ilipopiga pwani ile Machi 2017 iliangusha mimea na miti ya kuishikilia, na mkulima hana bima.

Ganda bichi halinukii vanila hata kidogo. Harufu hutengenezwa na watu. Maganda huchovywa kwenye maji ya moto, takriban nyuzi 63 hadi 65, kwa dakika chache. Yanafungwa kwenye mablanketi ya sufu yatoke jasho. Yanatolewa juani saa chache kila siku na kurudishwa blanketini. Kisha hukaa kivulini kwa wiki nyingi, na mwisho ndani ya masanduku ya mbao kwa miezi. Wanawake huyapitisha kati ya vidole, wakiyanyoosha na kuyatenga kwa urefu, na kilo sita hivi za maganda mabichi huwa kilo moja tu. Tangu mwaka 1874, Wajerumani Tiemann na Haarmann walipotengeneza vanilini, kiini cha harufu hiyo, maabarani, dunia imejizoesha harufu ya bei nafuu, na aiskrimu nyingi haijawahi kukutana na ua. Sijui kwa nini tukubali kirahisi hivyo. Anayekula keki ana haki ya kutopenda gharama, ila aelewe kwamba tofauti ya bei ni asubuhi za watu.

Kuna jambo moja kuhusu kujitolea ambalo nalisema bila kulipunguza. Katika kijiji cha vanila kuchavusha ni ajira. Wako wanawake wanaolipwa kwa siku msimu wa maua, na pesa hiyo ndiyo ada na dawa. Mgeni anayefanya kazi hiyo bure kwenye shamba lenye vibarua anamnyang'anya mtu mlo, hata kama ana moyo mweupe. Familia niliyoishi nayo ilichavusha maua yake yenyewe, na mimi nilifanya chini ya jicho la Neny kwa ajili ya kujifunza. Penye vibarua nilishika matandazo na maji. Anayekwenda kujitolea anapaswa kwenda kama mwanafunzi anayelipa karo kwa jasho, na aache fikra kwamba shamba la watu linasubiri wokovu wake. Waliokuwepo kabla yake wanajua zaidi.

Kwa hiyo wewe kijana wa Muleba, Mukono au Unguja unayetamani kusafiri, fikiria shamba kabla ya kufikiria hoteli. Kabla ya kuondoka, kubalianeni kwa maandishi: saa za kazi, mahali pa kulala, chakula, nani analipwa na nani halipwi. Fika maua yanapoanza, Oktoba, si Januari yakiwa yamekwisha. Kaa muda wa kutosha kuona ua likiwa ganda. Ukirudi, tafuta jirani mwenye mimea inayochanua bila kuzaa, umfundishe kuinua kile kiwambo, na umweleze kwamba aliyegundua njia hiyo alikuwa mtoto mtumwa, jina lake Edmond.