Kanzu ya Nabii Yusuf na Kiko cha Bwana Msa

Mimi nimelelewa katika chuo ambako kitabu cha hadithi kilihesabiwa kuwa ndugu wa karata. Nami nilipokuwa mwalimu nikafuata nyayo hizo hizo bila ya kuuliza. Kwa hivyo msomaji asistaajabu nikimwambia kuwa riwaya yangu ya kwanza ya upelelezi nimeisoma umri umekwisha pita miaka sitini, tena ndani ya basi, baina ya Mbeya na Iringa.

Aliyenipa ni mtu niliyemsomesha Mbeya, ambaye sasa ana watoto wake. Aliniambia, "Sheikh, njia ni ndefu, na huyu ni mtu wa pwani kwenu." Akanitia mkononi *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Nilikifungua kwa kumridhisha tu. Tulipofika Makambako abiria walishuka kunywa chai kwa ile baridi ya huko; mimi sikushuka.

Kitabu hiki kilishinda mashindano ya hadithi ya mwaka 1957-58, kikapigwa chapa mwaka 1960. Mtu akutwa amekufa penye mzimu, na watu wamekwisha jua aliyeua: ni mizimu. Hukumu ya namna hiyo ina raha yake, kwani haimtaki mtu afanye kazi yoyote. Bwana Msa peke yake, kiko mdomoni, hakubali. Yeye auliza: nani alikuwa wapi, wakati gani, na kifo hiki kinamfaa nani? Waliosoma vitabu vya Kiingereza watamtambua mara moja kuwa ni jamaa ya Sherlock Holmes wa Conan Doyle, aliyetokea mwaka 1887. Na rafiki yake Najum anayo kazi moja kubwa, nayo ni kukosea kwa niaba yetu. Kila Najum alipokosea nilikuwa nimekosea pamoja naye, nikacheka peke yangu hata jirani yangu kitini akanitazama.

Lakini Bwana Msa si Mwingereza aliyevishwa kanzu. Kiswahili chake ni cha barazani Unguja, na ladha yake wenye nyumba za pwani wataijua tangu ukurasa wa kwanza. Kasoro yake naiona katika nasaba: watu wamefungamana kwa ndoa na uzazi wa siri hata msomaji atamani karatasi ya mirathi mbele yake.

Huenda mtu akasema: Sheikh, Kurani katika Suratul Hujurat, aya ya 12, imetukataza kupelelezana, vipi wamsifu mpelelezi? Swali hili nililichukua nami ndani ya basi. Jawabu ni kuwa aya hiyo hiyo yaanza kwa kukataza dhana, na aya ya 6 ya sura hiyo yatuamrisha kuhakikisha habari tuletewayo na mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Linalokatazwa ni kuchimbua aibu zilizositiriwa. Ama damu ya mtu si aibu ya kusitiriwa. Imamu al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ingawa amemkataza msimamizi wa mambo ya mji kupeleleza maovu yaliyofichwa, ameruhusu utafutwe ukweli pale inapoaminika kuwa mtu amechukuliwa akauawe. Na kabla ya hayo yote tunayo Suratu Yusuf. Ndugu zake waliileta kanzu yenye damu, na wafasiri wakasema: mbwamwitu gani huyu mpole, amle mtoto asiipasue kanzu? Kisha katika nyumba ya Mheshimiwa wa Misri kanzu nyingine ikatoa ushahidi, kwa kuwa imechanwa nyuma na si mbele. Nimeifundisha sura hii miaka arubaini. Mwenye kiko ndiye aliyenionyesha kuwa ndani yake mna somo la kutazama.

Iringa nilipelekwa Kalenga, kwenye fuvu la Mtwa Mkwawa. Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani, nao wakakichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawataka walirudishe fuvu, lisionekane. Baadaye Gavana Twining alilitafuta katika makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi. Likachaguliwa moja kwa vipimo vilivyokaribiana na vichwa vya jamaa zake na kwa tundu la risasi, likarudishwa mwaka 1954. Nilisimama mbele ya kioo nikajikuta nauliza maswali ya Bwana Msa. Vipimo ni dalili. Je, ni bayina? Wapo watafiti waliotia shaka. Mbele ya wenyeji sikusema neno, kwani heshima ya maiti wao ilikuwa imetimia, na si kazi ya mgeni kuivuruga.

Njiani kurudi Mbeya sikusoma. Nilikumbuka jambo langu mwenyewe. Miaka mingi nyuma fedha za mabati ya chuo zilipotea kabatini. Palikuwa na mtoto ambaye baba yake alisemwa kuwa mganga, na watu wakanong'ona, nami nikaupokea mnong'ono. Sikumwuliza mtu hata mmoja nani alikuwa wa mwisho kuingia. Mtoto nikamfukuza. Mfuko ulionekana miezi michache baadaye, umeangukia nyuma ya rafu ya vitabu. Nilipokwenda kuomba radhi, walikuwa wamekwisha hama. Na mimi ndiye nifundishaye kuwa bayina ni juu ya mwenye kudai.

Baada ya hapo niliazima na vitabu vya Elvis Musiba, *Kufa na Kupona* cha 1974 na *Kikosi cha Kisasi* cha 1979. Willy Gamba wake apigana na maadui wa ukombozi wa Afrika, na hilo ni jema, lakini ulevi na wanawake vimemzunguka, na bastola yaingia mahali pa swali. Nilikwenda mbio pamoja naye, nakiri, lakini sikufikiri. Hivyo sitaviweka mbele ya watoto.

Cha Bwana Msa nimekiweka. Alhamisi, baada ya darasa, mmoja husoma kwa sauti, na kabla ya mlango wa mwisho nakifunga kitabu: kila mmoja ataje amshukuye, na kwa dalili gani. Asiye na dalili hunyamaza. Juzi mimi ndiye niliyenyamaza, maana tumeanza *Kisima cha Giningi* cha mwaka 1968, nami sijui kitu.