Mteja Akishalipa, Kitufe cha Kurudi Kimpeleke Wapi?

Tuchukue programu ya simu ya kuagiza samaki kutoka ufuo wa Dunga, Kisumu. Mteja anaanzia skrini ya Mwanzo, anachagua ngege wawili na gorogoro ya omena, anaingia Kapu, kisha Malipo. Ombi la M-Pesa linatokea, anaweka PIN, Risiti inaonekana. Halafu anabonyeza kitufe cha kurudi.

Skrini hupangwa moja juu ya nyingine kama kreti za samaki: inayoonekana ni ya juu, na kurudi ni kuiondoa hiyo. Risiti ikiwekwa tu juu ya Malipo, mteja akirudi anakuta kitufe cha “Lipa” kikimsubiri. Ndiyo sababu Flutter ina pushReplacement na React Navigation ina replace: skrini mpya inachukua nafasi ya ile ya juu, na ya zamani inafutwa.

Tatizo ni kwamba inayofutwa ni moja tu. Mwanzo, Kapu, Malipo inakuwa Mwanzo, Kapu, Risiti. Akirudi, anaona ngege walewale aliokwisha kuwalipia. Hapa kinachofaa ni pushAndRemoveUntil ya Flutter, au popUpTo kwenye Jetpack Navigation ya Android, ili zibaki Mwanzo na Risiti peke yake.

Je, zifutwe lini? Seva ikituma ombi la Lipa na M-Pesa, jibu la kwanza huthibitisha tu kwamba ombi limepokelewa, likiwa na CheckoutRequestID. Matokeo huja baadaye kwenye seva: 0 ni kwamba pesa imelipwa, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana au mteja hakujibu.

Kwa hiyo badilisha kwa hatua mbili. “Lipa” ikibonyezwa, weka skrini ya Subiri mahali pa Malipo na uache Kapu chini yake. Ikija 0, ondoa Subiri na Kapu kwa pamoja, lete Risiti. Ikija 1032, rudisha Malipo. Kapu lipo vilevile na mteja hachagui upya. Ikija 1037, seva iulize kwanza hali ya malipo kabla ya kumpa mteja nafasi ya kujaribu tena. Na kazi ya kufuatilia jibu usiikabidhi skrini ya Malipo, maana itakuwa imeshafutwa.

Bado kuna mwanya. Akiwa Subiri, mteja anaweza kurudi Kapu na kulipa upya. Unaweza kufunga kitufe cha kurudi kwa PopScope ya Flutter, lakini hakuna kinachomzuia kuifunga programu na kuifungua tena. Kinga halisi iko kwenye seva: oda ambayo ombi lake halijajibiwa isipokee ombi jingine. Kupanga skrini vizuri humwondolea mteja utata. Kulinda pesa yake ni kazi ya seva.

Kabla ya kutoa programu, zima data ukiwa Subiri, bonyeza kurudi, uone unafika wapi.